Muulize Mzee Bikoni: "Dalali ananiambia hii ni frihodi"

*Shikamoo Mzee Bikoni. Mimi ni muuguzi hapa Mbeya mjini, mume wangu ni dereva wa malori ya Tunduma, tuna watoto wawili. Tumedunduliza miaka tisa na sasa tunataka kununua nyumba iliyokwisha, maana kujenga kumetushinda. Mafundi wametuliza mara mbili. Tumeona nyumba mbili. Ya kwanza iko Forest Mpya, vyumba vitatu, bati limechoka, dari limeanza kubonyea sebuleni. Wanataka milioni 95. Ina hati ya miaka 33 iliyoanza Julai 1999. Ya pili iko Igawilo, mpya inang'aa, tailizi mpaka jikoni, milioni 62. Hiyo haina hati, ina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Dalali anasema, "Dada, hii ndiyo frihodi yenyewe. Haina miaka, haina kodi ya ardhi, ni yako mpaka vitukuu." Nikampigia kaka yangu aliyeko Leicester, Uingereza. Akasema nisithubutu kununua lisihodi, yaani nyumba yenye miaka ya kuhesabu, yeye mwenyewe anaililia kila mwaka. Kwa maneno yao wawili, basi, ya Forest ndiyo mbaya na ya Igawilo ndiyo nzuri. Mume wangu tailizi zimeshamlevya. Mimi roho inasita. Nishike mkono, baba.*

*Mama Wawili, Mbeya*

Marahaba, mwanangu. Huyo dalali mwambie hivi: kuna mzee mmoja amebeba thiodolaiti, ile darubini ya wapima ardhi, miaka 31, kutoka Makambako mpaka Kyela, na frihodi hajawahi kuipima hata moja. Siyo kwamba alikuwa mvivu. Ni kwamba huku Tanzania Bara frihodi haipo.

Ilikuwepo. Wajerumani mwaka 1895 walitangaza ardhi yote kuwa ya dola yao, kisha wakawamegea walowezi mashamba kwa umiliki wa moja kwa moja. Waingereza walipokuja na sheria yao ya ardhi ya 1923 wakayaacha yale yaliyokwishatolewa. Serikali ya kikoloni ilipotaka na Waafrika wapewe umiliki wa namna hiyo, Mwalimu Nyerere aliupinga mwaka 1958, kabla hata ya Uhuru, kwa hofu kwamba wenye fedha wataimaliza ardhi na wenyeji wabaki wapangaji kwao. Mwaka 1963 sheria ikazigeuza frihodi zote kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki kwa masharti, hii tunayoiita hati. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ikaweka msumari wa mwisho: ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba yetu. Kwa hiyo anayekuuzia frihodi Igawilo anakuuzia kitu kilichofutwa kabla mimi sijaanza darasa la kwanza.

Sasa kaka yako. Hakudanganyi, ila yeye anasema ya Leicester. Kule ukinunua fleti kwa lisihodi, ardhi na jengo ni vya mtu mwingine, pengine kampuni ambayo hujawahi kuiona sura. Wewe umenunua miaka tu. Juu ya hapo unalipa kodi ya ardhi kwa huyo mwenyewe, unalipa gharama za kutunza jengo anazozipanga yeye, na miaka iliyobaki ikishuka chini ya 80 kuiongeza kunakuwa ghali sana na benki zinaanza kuikodolea macho nyumba yako. Ndiyo maana Bunge lao mwaka 2022 likapiga marufuku kutoza kodi hiyo kwenye mikataba mipya mingi ya makazi, na mwaka 2024 likapitisha sheria nyingine ya kuwawezesha wapangaji hao kuongeza muda hadi miaka 990. Kwa hiyo kilio chake ni cha haki. Lakini anamlilia mwenye jengo. Wewe hapa Forest huna mwenye jengo juu yako. Nyumba ni yako, kuta zako, mwembe wako. Aliye juu yako ni serikali yenye masharti yaliyoandikwa kwenye hati, na hao wa Igawilo wanaodhani hawana mtu juu yao wanaye huyo huyo, ila hawajaandikiana naye.

Yaani swali lako siyo frihodi au lisihodi. Swali ni: jina la nani liko kwenye daftari la Msajili wa Hati, na linakaa pale mpaka lini?

Niseme kisa changu, maana wengi wanadhani mtu wa ardhi haumwi na ardhi. Mwaka 1996 nilikuwa Iringa, nikanunua kiwanja upande wa Kihesa kwa mwalimu mmoja. Alikuwa na ofa tu, ile barua ya kukubaliwa kupewa kiwanja, hati alikuwa bado. Tuliandikishana kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili, soda nne. Akanipa ofa yenyewe, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kutoboka, ukiinua kwenye mwanga unaona vitobo vitatu vimejipanga kama vya zumari. Nikaitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mchana napima viwanja vya watu, changu nimekilaza sandukuni. Kubadilisha jina ilikuwa safari ya dakika kumi kutoka mezani kwangu, na sikuifanya kwa miaka saba. Mwalimu akafariki 2003. Watoto wake walikuwa hawanijui, na ofisini jalada lilisoma jina la baba yao. Wakafungua mirathi, kiwanja "changu" kikaandikwa kwenye orodha ya mali za marehemu, na sikuweza kuwalaumu. Tulisumbuana miaka minne. Pesa niliyomlipa wakili ingenunua kiwanja kingine, na mwisho tukagawana nusu kwa nusu. Mke wangu mpaka leo akiona sanduku lile anacheka bila sauti.

Karatasi ya Igawilo iko chini hata ya ile ofa yangu. Muhuri wa mtaa unaonyesha kwamba mwenyekiti alishuhudia mkiuziana, basi. Mwenyekiti wa mtaa siyo msajili. Hajui kama yule muuzaji jana alimuuzia mwingine kwa shahidi mwingine, na hana daftari la kumwonyesha.

Lakini usiniwekee maneno mdomoni kwamba ya Igawilo ni takataka. Nusu ya mji huu imejengwa hivyo, na watu wanalala, wanaozesha mabinti, wanazeeka humo. Haki ya mtu aliyekaa kwenye ardhi isiyopimwa sheria inaitambua. Hata serikali ikitaka eneo, inatakiwa kumlipa fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Na kuna urasimishaji: wakazi wanachangishana, eneo linachorwa na kupimwa, kila mtu anaombewa hati yake. Kama moyo wa mume wako umegandia kule, mtume akaulize mambo matatu na asirudi na majibu ya dalali. Aende idara ya mipango miji ya jiji auone mchoro, kama upo, ajue nyumba imekaa kwenye kiwanja au katikati ya barabara ya kesho. Kama iko karibu na barabara kuu, apime mwenyewe: hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na yeye dereva anazijua zile X nyekundu zinavyochorwa ukutani asubuhi watu wakiwa bado wanapiga mswaki. Na aulize hilo eneo lilikuwa shamba la ukoo gani. Akishaujua ukoo, azungumze na mama mmoja mtu mzima wa ukoo huo, siyo kijana. Kijana atakwambia aliyeuza ni baba. Mama atakwambia na wadogo zake baba walisemaje.

Na jambo moja lisilo la sheria: nendeni mkaione mvua ikinyesha. Tailizi haikwambii maji yanapita wapi. Aprili, huko juu ya Uyole, korongo linaweza kuhama kwa usiku mmoja.

Sasa turudi Forest Mpya, kwa sababu ndiko ninakoona nyumba yako, ila siyo kwa milioni 95.

Hati ya miaka 33 iliyoanza Julai 1999 inaisha 2032. Muuzaji anakuuzia nyumba nzima lakini muda umebaki mkia. Hati zetu hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na watu wengi hapa mjini wana hizo za 33 bila kujua, wanashtuka wanapokwenda kukopa. Muda ukiisha haimaanishi kwamba anakuja mtu na kufuli. Mwenye hati anaomba kuongezewa, na aliyetimiza masharti, amejenga alichoambiwa ajenge, amelipa kodi ya pango la ardhi, ndiye anayefikiriwa kwanza. Tatizo ni kwamba "kufikiriwa" ni kazi, na wewe usiinunue kazi ya mtu mwingine kwa bei ya kitu kilichokamilika. Benki nayo ikikuta mkopo wako ni wa miaka 10 na hati imebaki miaka isiyotimia 7, faili linarudi mezani kwako.

Kwa hiyo mwambie muuzaji: omba kuongezewa muda kwa jina lako kwanza, gharama zako, mimi nakupa malipo ya awali kwa mkataba wa wakili, salio siku hati mpya ikitoka. Akikataa, mpunguzie bei mpaka aone kwamba kuomba kungekuwa nafuu. Mimi nisingepita 80 kwa nyumba yenye bati la namna hiyo na hati inayokaribia kuzimika. Wewe una macho yako, lakini milioni 95 ni bei ya mtu aliyesahau kusoma tarehe kwenye hati yake mwenyewe.

Kabla hata ya maneno ya bei, omba nakala ya hati, siyo picha ya simu iliyopigwa kwa pembeni. Chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, peleka ofisi ya ardhi ya mkoa, lipia upekuzi. Ni ada ndogo ukilinganisha na chochote kinachofuata. Utajua mmiliki ni nani, kama nyumba iko rehani, kama kuna mtu ameweka tahadhari, yaani zuio la kuiuza. Kama jina ni la marehemu, aliye mbele yako lazima awe msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, na uisome barua hiyo uone bado ina nguvu. Kama muuzaji ana mke, mke atie saini ya ridhaa mbele ya wakili, akiwa amekaa kitini na si kwa simu. Nimeona mauzo ya nyumba ya familia yakifutwa kwa sababu ya mama mmoja aliyekuwa msibani Ileje siku ya saini.

Halafu bikoni, zile alama za zege zinazoonyesha kona za kiwanja. Hapa naomba univumilie, ndipo jina langu lilipotoka.

Juzi nimeitwa na kijana mmoja hapa hapa mjini, amenunua nyumba nzuri yenye hati safi, upekuzi safi, kila kitu safi. Anataka kujenga ukuta. Tukatafuta bikoni nne. Tatu zikaonekana kabla ya chai. Ya nne, ya kona ya mashariki, hakuna. Nikahesabu hatua kwa kufuata ramani ya upimaji, hatua zikaniingiza kwenye banda la kuku la jirani. Jirani akasema ingia mzee, huna utakachokuta. Tukasogeza viota, tukafukua mbolea kwa panga, chini ya kiganja kimoja cha udongo panga likalia *kli!* Zege la ukubwa wa kopo la rangi, katikati chuma kimechomoza kama kidole gumba, namba imefutika nusu. Mita moja na nusu ndani ya banda. Kuku mmoja alikuwa ametagia kabisa pembeni yake, yai bado la moto. Jirani akaliangalia lile yai, akaniangalia mimi, akasema, "Basi yai ni lako, Mzee." Kijana hakucheka. Mita moja na nusu kwa urefu wa kiwanja chote, piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo lipa mpimaji mwenye leseni siku moja tu, azioneshe bikoni zote nne, na muuzaji na jirani wawepo. Ukifanya kabla ya kulipa, tofauti ya mita inakuwa hoja ya bei. Ukifanya baada ya kulipa, inakuwa hoja ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko foleni yake uiache kwa wengine.

Kuhusu makato: kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida yake kama ni mkazi wa Tanzania. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ni wa mnunuzi. Hapa mjini kuna mtindo wa kumbebesha mnunuzi vyote. Kubali au kataa, lakini iandikwe kabla. Na msiandike bei ya uongo kwenye mkataba ili kukwepa. Mthamini wa serikali ataipa nyumba thamani yake hata hivyo, na siku mkigombana, mahakama itasoma ile ndogo uliyoiandika.

Majina yaandikwe mawili kwenye hati, lako na la mumeo. Mpe salamu. Mwambie tailizi zinapatikana Mwanjelwa, na Forest nako zinabandikika.

*

*Mugonile Mzee. Nataka kununua nyumba yenye shamba la migomba na parachichi kijijini, wilaya ya Rungwe. Mwenyewe ana hati ya kimila. Nyumbani ni Njombe, kazi yangu iko Mbeya. Je, hati hiyo nayo ina miaka 33?*

*Mpenda Parachichi*

Ugonile, kijana wangu. Haina. Hati ya hakimiliki ya kimila inatoka chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, na inaweza kuwa ya muda usio na kikomo. Kwa hiyo kama mtu anatafuta kitu kinachofanana na frihodi ya dalali wa yule mama wa Mbeya, hiki cha Rungwe kinakaribia zaidi ya vyote, cha ajabu ni kwamba watu wa mjini wanakidharau.

Lakini ina mlango mwembamba. Wewe siyo mkazi wa kijiji kile, kwa hiyo mauzo yako lazima yapite Halmashauri ya Kijiji na ikubali. Usikubali kukutana na mwenyekiti peke yake chini ya mgomba. Omba kikao, omba muhtasari wenye saini, na hakikisha masijala ya ardhi ya kijiji inabadilishwa. Hati ile ina saini za mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, na wilayani nako ina kumbukumbu yake; kakague zote mbili zinasema jambo moja. Na kwa kuwa ni Rungwe, ambako ardhi ni finyu na kila mgomba una historia, hudhuria msiba mmoja wa kijiji hicho kabla hujanunua. Utajua majirani wa shamba lako ni akina nani na wanakumbuka nini.

*

*Kamwene Mzee Bikoni. Nyumba yangu iko Mafinga, nina hati. Kila nikinunua umeme LUKU inanikata kodi. Sasa ofisi ya ardhi wananidai kodi ya miaka minne. Si nimeshalipa?*

*Mwenye Hasira, Mafinga*

Kamwene. Umelipa nyingine. Inayokatwa kwenye LUKU ni kodi ya majengo, ya hiyo nyumba. Ya ofisi ya ardhi ni kodi ya pango la ardhi, ya hicho kiwanja kilichobeba nyumba, na hiyo inadaiwa kila mwaka, ikianza Julai, mwenye hati analipa hata kama hajajenga. Umeme hauijui. Omba namba ya malipo ya miaka yote minne ulipe, na risiti uzikunje pamoja na hati. Hilo ndilo sharti la kwanza watakalokuuliza siku ukitaka kuongeza muda au kuuza. Na kama nyumba ina mpangaji anayenunua hiyo LUKU, basi kodi ya majengo analipa yeye, kwa hiyo hasira zako mgawie naye kidogo, halafu umrudishie pesa yake kwenye kodi ya mwezi ujao.